Msimu wa Treni za Kupinduka

Kakuma, Jumamosi 9 Machi 2013

Nimeanza kuandika kwa sababu nimechoka kusemewa. Katika mji huu kila mtu anajua habari za ukumbi wangu wa video kuliko mimi niliyeupigilia misumari. Basi na mimi nitakuwa na maneno yangu, kwa mkono wangu.

Leo matokeo ya urais yanatangazwa. Afisa Levis, yule kijana wa serikali aliyeletwa huku kutoka chini, yaani kusini, alizunguka kumbi zote wiki hii akisema hakuna kuonyesha filamu za bunduki mpaka nchi itulie. Nikamuuliza, "Afisa, ukiondoa bunduki kwenye filamu zangu, nitabaki na nini? Majina ya waigizaji?" Akasema nitajua mwenyewe, mimi si ndiye mfanyabiashara.

Nikapekua sanduku. Kulikuwa na sidii ambayo Kariuki wa Lodwar, anayeniuzia filamu, alinitupia mwezi uliopita kama mtu anavyoongezewa nyanya iliyopondeka. Haina ngumi, haina mapenzi. Ni Wazungu wanaeleza jinsi walivyojenga treni za kuchezea kwenye viwanja vyao vya starehe. Treni inapanda mlima wa chuma, inaanguka, inapinduka kichwa chini miguu juu, abiria wanalia, halafu wanashuka wakicheka na kwenda kupanga foleni tena. Sehemu kumi, kila sehemu na treni yake.

Ilunga ndiye dijei wangu. Ni Mkongo wa kambini, na kazi yake ni kushika kipaza sauti na kutafsiri Kiingereza filamu ikiendelea. Alipoona picha akanigeukia.

"Mama Nekesa, hii miye nitasema nini? Adui haiko."

"Adui ni ule mteremko," nikamwambia. "Tafsiri."

Watu thelathini na mmoja waliingia, wengi vijana wa Sudan Kusini kutoka kambini. Nilitarajia waanze kudai warudishiwe kiingilio. Badala yake walikaa kimya wakiitazama ile treni nyekundu kama watu wanaotaka kuinunua. "Rudisha," mmoja akasema. Ilunga akarudisha. Treni ilipofika kileleni na kuanza kuanguka, Alier, kijana mrefu anayefanya kazi kwa kinyozi, akasimama juu ya benchi langu na viatu vyake, akainua mikono, mmoja juu kabisa, mwingine umejikunja kuelekea sikio, akaanza kuimba Kidinka. Wenzake wakampigia makofi.

Mimi nilidhani ni maombi. Ilunga akacheka. "Hapana, mama. Anaimba ng'ombe yake."

Nikaelezwa. Kwao kijana huwa na dume lake. Hubeba jina la rangi yake, huliimbia, na akicheza huinua mikono kwa namna pembe zilivyojikunja. Sasa Alier amechukua treni.

Benchi limepasuka. Sikumdai.

Jumapili 10 Machi

Joto. Mji umetulia. Baada ya kanisa watu kumi na saba waliniuliza kama "ile treni" itakuwepo. Hakuna aliyeulizia bunduki.

Jumanne 12 Machi

Sehemu ya pili, treni ya manjano. Walikuja karibu mia mbili, na ukumbi wangu unabeba themanini. Vijana wa mjini nao walikuwa wamesikia. Waturkana hawakuhitaji kuelezwa na mtu: kwao pia mwanamume ana dume la kuimba, na mikono huinuliwa vilevile. Fundi wa baiskeli, wa kutoka Kalokol, alisimama kabla ya wengine, treni ikawa yake. Sheria imejitunga yenyewe: anayesimama treni inaposhuka mara ya kwanza, ndiye mwenyewe, na hakuna mwingine wa kuiimba.

Mimi madume siyajui. Kwetu Kimilili ng'ombe ni maziwa. Kilichonikamata mimi ni foleni. Yule bwana wa kwenye filamu alieleza kwamba foleni yao hawaifupishi, wanaikunja. Mtu akizunguka huku na huku kati ya kamba, anajiona anasonga, hasukumani. Nimekuwa mlangoni pa ukumbi huu tangu nilipoacha kupikia wajenzi wa barabara, na hakuna siku ambayo sijararuliwa leso. Leo nimenunua kamba, nimechimbia vigingi, nimeikunja foleni mara nne. Wamecheka kwanza. "Mama ametengeneza boma ya mbuzi!" Kisha wakazunguka kwa adabu kama wako benki.

Jumamosi 16 Machi

Nimekaa na hesabu. Watu wa kambini lazima warudi kabla ya giza. Watu wa mjini wana kazi hadi jioni. Ukumbi ni wa themanini. Kwa hiyo: saa tisa alasiri ni kambi, saa kumi na mbili jioni ni mji, sehemu ileile moja. Hakuna wa kusukumwa wala kurudishwa. Nikamweleza Ilunga, akasema "Mama, kichwa yako ni mashine." Na ni kweli.

Jumatano 20 Machi

Sehemu ya tatu. Treni ilikwama juu na abiria ndani, ikabidi washuke kwa ngazi. Alasiri hakuna aliyesimama; jioni alisimama mchuuzi wa mirungi, naye ametaniwa mpaka akafunga kibanda. "Dume yako imekataa kwenda malishoni!"

Jumamosi 23 Machi

Mvua ya kwanza. Juu ya mabati Ilunga hasikiki hata akipasua koo. Alisimama kando ya televisheni akaigiza sehemu ya nne kwa mikono na matako. Wengine wamesema ndiyo sehemu bora mpaka sasa. Treni imepata mwenyewe alasiri, jioni hakuna aliyeinuka.

Alhamisi 28 Machi

Matope hadi kwenye meza ya tikiti. Laga, ule mto mkavu wa mchanga, imeteremka na mbuzi wawili waliokufa.

Nimegundua kuna watu wawili ambao hawakosi hata siku moja na hawajawahi kusimama. Alasiri ni Manyang, mwalimu wa darasa la tatu kambini, anayekaa safu ya nyuma na kukunja mikono. Jioni ni Ekiru, wa bodaboda, anayekaa safu ya mbele na kofia ya pikipiki magotini. Nilimtania Manyang: "Mwalimu, treni nne zimepita. Unachagua kama mtu anayeoa."

"Hazijafika," akanijibu. "Pembe zao ni ya kawaida."

Mtu mzima, na shahada ya ualimu anaitafuta kwa posta. Nilimwona mjinga kidogo. Ekiru nilimwona mjinga zaidi, maana anaacha abiria ili aje.

Jumamosi 30 Machi

Sehemu ya tano. Treni ya kijivu yenye mabaka meupe. Reli yake inaanza kwa kujikunja upande mmoja, inashuka, halafu inarudi na kujikunja upande wa pili. Alasiri Manyang alisimama. Ukumbi mzima ulipiga yowe, hata mimi nikaacha kuhesabu vichwa. Sauti yake si nzuri, lakini alishikilia ile mikono juu mpaka ikatetemeka, na hakuishusha mpaka treni ilipofika kituoni.

Jioni Ekiru naye akasimama. Nikafurahi. Nikasema, haya, leo wote wawili wameoa.

Usiku huu ninaandika nikijiona mwerevu.

Jumatano 3 Aprili

Sasa niandike kwa mpangilio, kwa sababu kesho kila mtu atakuwa na lake.

Mchana Ekiru alimpeleka abiria kambini. Akasikia watoto wa shule wakiimba wimbo na kukunja mikono kwa ile namna ya treni ya kijivu. Akauliza wimbo ni wa nani. Wakamwambia ni wa mwalimu Manyang, na dume ni lake. Ekiru akageuza pikipiki. Saa tisa watu wa kambini walikuwa wamejipanga kwenye foleni yangu iliyokunjwa, naye akaingia na pikipiki katikati yao, akiangusha vigingi.

"Mwalimu! Wewe umeimba dume yangu?"

"Dume gani?"

"Ya kijivu. Nilisimama mimi."

"Ulisimama wapi? Nilikuwa hapa. Mimi nilisimama. Uliza watu."

"Nilisimama jioni!"

"Ah, jioni," Manyang akasema, na wenzake wakaanza kucheka. "Jioni ng'ombe alikuwa amelala. Wewe una dume, wewe? Una pikipiki ya mkopo."

"Na wewe una nini? Una kadi ya chakula!"

Hapo ndipo kicheko kilipokufa. Sijui nani alianza. Najua kwamba kamba zangu zilizokunjwa ziliwabana watu wakashindwa kutoka, kwa hiyo hata asiyetaka kupigana alipigana. Vijana wa stendi ya bodaboda wakaja mbio. Mabenchi manne yamevunjika. Manyang amepoteza jino. Ekiru ameshonwa kwenye nyusi. Watano wengine wana michubuko, na Ilunga amegongwa na kipaza sauti chake mwenyewe.

Askari walipofyatua hewani, kila mtu alilala chini. Hiyo ndiyo bunduki pekee iliyosikika ukumbini kwangu tangu tarehe tisa mwezi uliopita.

Alhamisi 4 Aprili

Afisa Levis amefunga mlango wangu kwa kufuli la serikali. Ameweka ufunguo mfukoni, akaupapasa mara mbili.

Jumamosi 6 Aprili

Mkutano wa amani, chini ya hema la shirika moja, soda kwa kila aliyekuja. Levis alizungumza Kiingereza kwanza, halafu akatupa Kiswahili chake: filamu hiyo inachochea uhasama baina ya wenyeji na wakimbizi. Watu wa mashirika wakaandika.

Nikasimama. "Afisa, mbele ya watu hawa. Ni nani aliniambia nitoe bunduki niweke kitu cha amani?"

"Mama Nekesa, keti."

"Nitaketi ukishajibu."

"Sikukwambia uweke madume."

"Mimi sikuweka madume. Niliweka treni. Miaka yote nimeonyesha watu wakichinjana kutoka asubuhi hadi jioni na hakuna aliyefunga mlango wangu. Leo nimeonyesha watoto wa Wazungu wakicheka kwenye treni, nimekuwa mchochezi?"

Watu wakacheka. Levis hakucheka. Akasoma masharti. La kwanza, nitoe sidii. La pili, ukumbi ukifunguliwa, wenyeji waje Jumatatu hadi Jumatano, wakimbizi Alhamisi hadi Jumamosi, wasikutane.

Nilikuwa bado nimesimama, na hapo hesabu ikajifunga kichwani mwangu kama nati. Wasikutane! Lakini hilo ndilo nililofanya mimi. Laiti wote wangekuwa ndani ya ukumbi mmoja ile saa treni ya kijivu iliposhuka, mmoja angesimama kwanza, na mwingine angeona. Pengine angenuna, lakini angeona. Mimi kwa werevu wangu wa viti themanini niliwagawa, na treni moja ikapata wenyewe wawili wasiojuana. Sasa serikali inataka kulifanya kosa langu kuwa sheria.

Nikalisema hivyohivyo, kwa sauti. "Nikiwatenga tena, nitawazalia vita kila wiki. Sitaki."

"Basi hutafungua," akasema.

"Tutaona."

Hakuna aliyeandika hilo. Ukumbi huu ndio nilio nao tu. Sina shamba Kimilili, nilishauza fungu langu kununua jenereta. Nikikubali masharti yake nitafungua Jumatatu. Najua. Sikubali.

Jumatano 10 Aprili, Lodwar

Nimekuja kwa wakubwa. Ofisi ya kwanza ilisema kibali cha video kilikuwa cha baraza la zamani, na baraza limekufa. Ya pili ilisema ni cha kaunti mpya, na kaunti bado inatafuta viti. Ya tatu ilikuwa na mlinzi tu, naye akaniuliza nimetoka Kenya lini, maana kwao huku wewe mtu wa chini hata ukizeeka hapa bado unatoka "Kenya".

"Nimetoka Kakuma leo asubuhi," nikamwambia. "Kenya sijaiona siku nyingi, ukiiona nisalimie."

Kwa hiyo hakuna wa kunipa kibali. Nikatafakari nikiwa juani: ikiwa hakuna wa kunipa, hakuna wa kuninyima pia.

Kariuki amenipa chai. "Dada, rudi kwa bunduki. Bunduki haina maneno. Treni za watu zimekuletea jino la mwalimu."

"Sehemu ya tano mpaka ya kumi umeziona wewe?"

"Mimi nauza, siangalii."

"Ndiyo maana unasema hivyo."

Jumapili 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua meza ya chai barazani, nje ya mlango wangu uliofungwa.

Manyang alikuja baada ya ibada, shati jeupe, mdomo umevimba. Nilidhani ameleta pole, nikawa nimeandaa majibu makali. Akakaa. Akazungusha kikombe.

"Mama, wanasema ukitoa ile sidii utafunguliwa."

"Wanasema."

"Usitoe."

Nikamwuliza, kwa ukali kidogo, ni nini hasa kuhusu vyuma vya watu wasiomjua. Akafikiri muda mrefu, mwalimu anavyofikiri mbele ya mtoto ambaye hajaelewa kugawanya.

"Nyumbani nilikuwa na moja. Ya mabaka. Nilipewa na baba, nikiwa na miaka kumi na mbili. Wavamizi wakaenda nayo pamoja na zingine. Hapa kambini mkimbizi haruhusiwi kufuga. Hata mbuzi. Unajua mtu mkubwa bila dume anaitwaje kwetu? Haitwi. Sasa watoto wangu wa darasa wananiita kwa jina ya ile treni. Wanasimama mlangoni wanakunja mikono. Nikiingia darasani, naingia na kitu."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nikamwongezea chai.

Jioni, kama vile wamepangiana, Ekiru akaja, plasta kwenye nyusi. "Ejok, mama," akanisalimia kwao. Hakukaa. Alisimama akipangusa matope kwenye taa ya pikipiki yake.

"Yule mwalimu alikuja hapa?"

"Alikuja."

"Alisema nini?"

"Kwamba nisitoe sidii."

Hilo lilimshangaza. Akapangusa taa ambayo tayari ilikuwa safi. "Kiangazi cha mwaka juzi kilimaliza zote za baba," akasema. "Mia moja na kitu. Yangu ilianguka ya mwisho, nikaichuna mwenyewe. Ndiyo nikaja mjini. Pikipiki haiimbwi, mama. Nimejaribu."

Nilikuwa nimewaona hawa wawili kuwa wajinga. Nimeandika hivyo tarehe ishirini na nane, na sitafuta, acha likae.

Jumatano 17 Aprili

Mbu.

Jumamosi 20 Aprili

Levis alipita kunywa chai. Akaniuliza kama nimefikiri. Nikamwambia nafikiri sana, haswa nikiwa nakanyaga matope. Akalipa, akaondoka.

Ijumaa 26 Aprili

Nimepata.

Tatizo la kwanza ni kufuli, na kufuli la serikali siligusi. Tatizo la pili ni viti: wakija wote pamoja ni watu mia tatu, ukumbi ni wa themanini. Nimekuwa nikiyatazama kama matatizo mawili. Ni moja. Ukuta wa nyuma ni mabati kumi na nane yaliyopigiliwa kwenye fito. Ukuta huo ukiondolewa, ukumbi unaendelea hadi kwenye kiwanja changu, na mlango unabaki umefungwa vizuri kama afisa alivyouacha.

Niliwaita Ekiru na Manyang kila mmoja kivyake, sikumwambia yeyote kwamba mwingine anakuja. Walipokutana kwenye kona, na kila mmoja ana nyundo yangu mkononi, nilijuta kidogo.

"Misumari iko pale," nikasema. "Ninyi ndio mlivunja mabenchi yangu. Mtang'oa huu ukuta, na hamtaulizana kitu."

Wakang'oa. Bati la kwanza hadi la sita hakuna neno. La saba likamponyoka Manyang likataka kumkata Ekiru mguu.

"Mwalimu, shika vizuri! Hii si chaki."

"Nawe vuta. Au unangoja abiria?"

"Na hilo jino uliweka wapi?"

"Nimepanda. Litaota, nitakung'ata nalo."

Ekiru alicheka kabla hajajizuia, halafu akanuna kwa kucheka. Kazi ikaenda upesi zaidi.

Mchana mwanga utaua picha. Nimeirudisha televisheni ndani kabisa, nimeijengea paa la nailoni nyeusi kama mtoto aliyelazwa ndani ya neti. Maturubai juu ya kiwanja nimeazima kanisani. Nimemwambia mchungaji ni kwa ajili ya amani, na sikudanganya.

Kamba za foleni nimezichoma. Safari hii hakuna foleni, kwa sababu hakuna mlango.

Jumamosi 27 Aprili

Levis alikuwa ameitwa Lodwar. Sikulipanga hilo, ila sikulilalamikia.

Saa nane walikuwa wameanza kuja, wa kambini kutoka upande wa laga, wa mjini kutoka barabarani, na wote walifika mbele, wakaona kufuli, wakataka kurudi. Ilunga akawa anawaita: "Zungukeni! Batu wote, zungukeni!" Wingu lilikuwa zito, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilishukuru kwa wingu bila kutaka mvua. Nilihesabu mpaka mia tatu na arobaini nikaacha. Waliketi vilevile walivyokuja, kambi kushoto, mji kulia, na katikati mstari mtupu wa mchanga ambao mbwa tu alipita.

Sajini wa polisi akafika na vijana wawili. Nikamwendea kabla hajaniita.

"Mama, nani alifungua?"

"Hakuna aliyefungua. Kufuli liko mbele, nenda ukalitikise."

Akaenda, akalitikisa, akarudi. "Nimekuja kulinda amani," akasema kwa sauti ili watu wasikie, akasimama nyuma. Baada ya dakika chache nilimsikia akimkemea mtu mrefu akae chini, anamziba.

Nilianza na sehemu ya tano. Ilunga aliniambia, "Mama, tuanze ya sita, tusikwaruze kidonda." Nikakataa. Kama watapigana, wapigane mbele ya kila mtu.

Treni ya kijivu ikapanda. Ile milio ya mnyororo wakati inavutwa, ka ka ka ka, ndiyo iliyokuwa sauti pekee kiwanjani. Ikafika juu. Nilikuwa nawaangalia wao, siyo televisheni. Ikaanguka, na wote wawili wakasimama wakati mmoja, kama wamevutwa na kamba moja. Upande wa kushoto ukaguna. Upande wa kulia ukaguna. Sajini akashika mkanda.

Manyang akaanza kuimba. Ekiru hakuanza, lakini hakukaa. Alisimama na mikono yake juu, akimsikiliza mwenzake mpaka mwisho, akiwa amekunja uso. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu nikapoteza hesabu, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Manyang alipomaliza, Ekiru akasema kwa Kiswahili, ili wote waelewe, "Umeruka kona."

"Kona gani?"

"Ya tatu. Ile inarudi. Umeimba inashuka, umeimba inafika, kona umeacha njiani. Dume gani hiyo, ya pembe moja?"

Mtu akacheka kushoto. Upande wa Manyang mwenyewe!

"Ilikuwa ndefu," Manyang akasema.

"Ni ndefu ndiyo. Ndiyo uzuri wake."

"Basi iweke wewe, hiyo kona."

Ekiru akaiweka. Aliiimba Kiturkana, na mikono yake ilikunjwa upande ule mwingine, na mimi ambaye sijui lugha yoyote ya hizo mbili niliiona ile kona. Vijana wa kambini walipiga makofi kabla hawajakumbuka kwamba hawataki. Kisha wawili hao wakabishana kuhusu wapi kona inaanza. Walibishana sehemu ya sita yote, wakihama viti ili wasikilizane, na ilipofika ya saba walikuwa wameketi kwenye ule mstari wa mchanga na bado wanabishana. Sidhani imeamuliwa. Sidhani wanataka iamuliwe.

Ya sita, ya saba, ya nane na ya tisa zilipata wenyewe, wawili kambini, wawili mjini, bila damu. Ya kumi ilikuwa nyeupe yote. Ilunga akatafsiri: ndiyo ndefu kuliko zote, walioijenga walifilisika mara mbili wakirudia, benki ikawafungia, wakaijenga vilevile. Ikapanda. Nikangoja kuona nani. Nikawaona watu wanatazamana, kila mmoja ana yake au anamwachia jirani. Ikafika juu.

Nikasimama mimi.

Mia tatu na arobaini wakanigeukia. Mwanamke haimbi dume, si kwa hawa wala kwa wale. Nikainua mikono, wa kushoto juu, wa kulia nikaukunja, na ikanijia kwamba sina wimbo. Basi nikaimba ninachokijua, hesabu za treni alizotafsiri Ilunga.

"Mita tisini na tatu!"

Ilunga, Mungu ambariki, akapiga debe la maji: du!

"Abiria thelathini na sita!"

Du!

"Nguzo mia nne na themanini, na hakuna hata moja iliyolala!"

Du! Na sasa kulikuwa na sauti nyingine chini ya debe, miguu ya watu.

"Benki imeifunga! Imejengwa!"

"Eee!"

"Imefungwa tena! Imejengwa tena!"

"Eee!"

Niliimba nambari zote mpaka treni ikasimama. Nikaketi. Manyang akanijia akiwa na uso wa mwalimu anayesahihisha.

"Mama, mikono yako ni mibaya sana. Dume lako lina pembe kama hanga ya nguo."

"Ni yangu au si yangu?"

"Ni yako," akasema Ekiru nyuma yake. "Ulisimama peke yako. Sote tuliona."

Jumapili 28 Aprili

Levis alirudi na gari la mchana, akaja moja kwa moja na begi lake. Akatazama kufuli. Akazunguka. Akatazama pale ulipokuwa ukuta. Akarudi mbele, akatazama kufuli tena. Nilikuwa nakaanga mandazi na sikuinuka.

"Ukuta uko wapi?"

"Nimeuza. Nilihitaji kununua mabenchi."

"Mama Nekesa, nilikwambia uwatenganishe."

"Sina tena kitu cha kuwatenganishia, afisa."

Akavuta pumzi. Akasema nimeshinda hilo, sawa, watu hawakupigana, sajini amemweleza. Lakini sharti la kwanza liko palepale. Anataka sidii, aipeleke Lodwar, aonekane ametekeleza angalau moja. Aliisema kama mtu anayenisihi, na nusura nimwonee huruma.

"Siwezi kukupa," nikamwambia. "Si yangu. Ina wenyewe kumi na mmoja. Nenda ukawaombe, mmoja mmoja, na kila mmoja akikubali, nitakufungia kwenye gazeti."

"Kumi na mmoja? Treni si kumi?"

"Moja ina wawili."

Akatoa kalamu. Kweli akatoa kalamu, maskini. "Nianzie kwa nani?"

Nikaweka mwiko chini, nikapangusa unga mikononi, nikasimama. Nikainua mikono, wa kushoto juu, wa kulia nikaukunja karibu na sikio, nikaishikilia hapo.

Akaiangalia mikono yangu. Kisha akarudisha kalamu mfukoni, akanunua mandazi mawili, akaenda zake.